Tochi ya Kichwani: Ipime kwa Saa za Usiku, Usiipime kwa Ukali wa Mwanga

Askari aliyewahi kushika zamu ya usiku hahitaji kufundishwa thamani ya mwanga, wala mama aliyewahi kuamka usiku wa manane kumtafutia mtoto dawa huku umeme umekatika. Lakini jamaa inapoamua kutumia siku za likizo kwa kupanda mlima au kupiga kambi katika hifadhi, ndipo wengi wanapogundua kwamba tochi iliyowatosha nyumbani haiwatoshi njiani. Wiki hii ukurasa wetu unazungumzia chombo kidogo ambacho aghalabu hununuliwa siku ya mwisho, baada ya viatu, hema na vyakula: tochi ya kichwani, yaani ile inayofungwa kwa mkanda katika paji la uso.

Somo la Mlima Elgon

Mimi mwenyewe nililipata somo langu katika Mlima Elgon. Tulipanda kutoka Budadiri kwa njia ya Sasa: mimi, mdogo wangu ambaye ni koplo mstaafu, binti yake wa miaka kumi na sita, na askari wa hifadhi aliyetuongoza. Siku ya kwenda kileleni tuliondoka kambi ya Pango la Mude, iliyo kwenye kimo cha karibu mita 3,500, tukafika Wagagai chenye mita 4,321. Mvua ikatukuta huko juu. Tulijikinga chini ya mwamba kwa muda mrefu, na tulipoanza kurudi jua likatuchwea njiani.

Mdogo wangu alikuwa na tochi mpya ya kichwani, ambayo sanduku lake liliandikwa kwa herufi kubwa "lumeni 1,000". Alipoiwasha, njia ikawa nyeupe kama iliyomulikwa na taa za lori, nasi tukamsifu. Mimi nilikuwa na tochi ya mkononi, na mkono wa pili ulishika fimbo. Binti hakuwa na tochi. Tulisema kwamba atatembea katikati yetu, na mwanga wa wazee wake utamtosha.

Haikutimia hata saa moja na nusu, tochi ile kali ikaanza kufifia, kisha ikazimika. "Kaka, betri zimekwisha," mdogo wangu akasema. Betri za akiba alikuwa nazo, lakini zilikuwa za kipimo kingine, nene kuliko zile zinazotakiwa, wala hazikuingia. Nikageuka nyuma ili nimmulikie, na papo hapo nikamnyima binti mwanga. "Baba mkubwa, sioni ninapokanyaga," akaniambia. Kabla sijamgeukia alikuwa amekwisha kutumbukia katika shimo lililofichwa na majani, na kifundo cha mguu kikateguka.

Ilibidi baba yake ambebe mgongoni. Ndipo yule askari wa hifadhi alipovua tochi yake ndogo, kuukuu, ambayo jioni nzima hakuna aliyeisifu, akamfunga mdogo wangu kichwani, kwa kuwa mwenye mzigo ndiye aliyehitaji mikono miwili. Yeye mwenyewe akachukua ile yangu ya mkononi. Mwendo uliobaki, ambao mtu mzima angeutembea kwa muda wa nusu saa, ulituchukua zaidi ya saa mbili. Tochi ile kuukuu iliwaka mpaka tulipofika pangoni, na ilikuwa ingali ikiwaka tulipokuwa tunachemsha maji ya kumkanda binti mguu.

Mguu ulipona. Lakini tangu siku hiyo nimejifunza kwamba tochi ya safari haipimwi kwa ukali wa mwanga wake dukani. Hupimwa kwa saa ambazo itaendelea kuwaka huko unakokwenda.

Namba zilizo juu ya sanduku

Mnunuzi anapolitazama sanduku la tochi huziona namba tatu. Ya kwanza ni ya lumeni, ya pili ni ya mita, na ya tatu ni ya saa. Ni vema kuzielewa zote tatu.

Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka katika taa. Hakikuambii mwanga huo unafika wapi, wala utadumu kwa muda gani. Kwa kusoma ndani ya hema au kutafuta soksi, lumeni 5 hadi 10 zinatosha kabisa. Kwa kupika na kufunga mizigo kambini, 20 hadi 50. Kwa kutembea katika njia inayoonekana, 50 hadi 150. Kwa kutafuta njia iliyopotea katika mawe au kwenye ukingo wa bonde, lumeni 200 au 300 zinafaa, na hizo huhitajiwa kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mtu wa kawaida anayekwenda milimani hana haja ya lumeni 1,000, kama vile mwenye baiskeli asivyo na haja ya injini ya lori.

Namba ya mita ni umbali ambao mwanga unafika. Katika kanuni ya upimaji iitwayo FL1, iliyotolewa mwaka 2009 na kufuatwa na watengenezaji wengi, umbali huo huhesabiwa mpaka mahali ambapo mwanga wa tochi umepungua ukawa sawa na ule wa mbalamwezi, usiku usio na mawingu. Basi "mita 100" haina maana kwamba utaweza kusoma barua mita 100 mbele yako. Maana yake ni kwamba huko mwisho utaona kama mtu anavyoona kwa mwezi mpevu.

Namba ya saa ndiyo yenye mtego. Katika kanuni hiyohiyo, saa huhesabiwa tangu tochi inapowashwa mpaka mwanga wake unapobaki sehemu moja tu ya kumi ya ule wa mwanzo. Tochi iliyoanza na lumeni 300 huweza kuhesabiwa kwamba ingali inawaka inapotoa lumeni 30. Zaidi ya hayo, wafanyabiashara hupenda kuandika kwa herufi kubwa lumeni za mwanga mkali kabisa, kisha pembeni wakaandika saa za mwanga hafifu kabisa. Mnunuzi husoma "lumeni 400, saa 100" akadhani kwamba atapata yote mawili pamoja. Hatayapata. Geuza sanduku, utafute jedwali dogo linaloonyesha kila kiwango cha mwanga na saa zake. Sanduku lisilo na jedwali hilo, lirudishe rafuni.

Hesabu ya usiku wetu

Vitabu vingi vya safari za milimani vimeandikwa na watu wa Ulaya, ambako majira ya kiangazi usiku ni mfupi, na katika nchi za kaskazini kabisa jua halituwi. Sisi tunaokaa karibu na Ikweta hatuna usiku wa namna hiyo. Usiku wetu ni wa karibu saa kumi na mbili, mwaka mzima. Tena giza letu huingia upesi: jua likisha kuchwa, baada ya dakika ishirini na kitu mtu haoni tena mahali pa kuweka mguu. Kwa hiyo anayetengeneza safari yake aanze na hesabu hii, ndipo aende dukani.

Tuchukue mfano wa Milima ya Rwenzori. Safari ya kuzunguka kwa njia ya Nyakalengija, pamoja na kupanda kilele cha Margherita chenye mita 5,109, huwa ya siku saba au nane. Kila jioni utatumia tochi kwa kupika, kula, kukausha nguo na kupanga mizigo, tuseme saa mbili. Kila alfajiri utaitumia nusu saa. Kwa usiku saba hizo ni saa 17 na nusu, na karibu zote ni za mwanga mdogo. Kisha kuna usiku mmoja wa kazi kubwa. Wapandaji huondoka kibanda cha Elena, kwenye mita 4,541, saa nane au saa tisa za usiku, wakapita juu ya miamba yenye utelezi na juu ya barafu. Weka saa nne za mwanga wa kati kwa kazi hiyo. Jumla ni saa 21 na nusu.

Tochi nzuri, kwa safari hiyo, ni ile inayoweza kutoa saa hizo kwa betri zake pamoja na akiba unayoweza kuibeba, na bado ukabakiwa na kitu kwa ajili ya usiku ambao hukuutazamia: usiku wa mgonjwa, wa mvua, au wa kupotea njia. Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Betri mpya zilizofungwa vizuri katika mfuko wa nailoni ni akiba nyepesi kuliko zote utakazozibeba.

Betri na baridi

Tochi nyingi za kichwani hutumia betri tatu nyembamba, ambazo huandikwa AAA. Nyingine hutumia zile zenye unene wa kidole, ziandikwazo AA, ambazo hubeba nguvu nyingi zaidi lakini ni nzito. Namna ya tatu ni zile zenye betri yake humohumo, ambayo huchajiwa kwa waya kama simu.

Tochi ya kuchajiwa humpunguzia gharama mtu anayeitumia kila siku. Lakini huko juu mlimani usitegemee kupata umeme. Mwenye tochi ya namna hii lazima abebe kichajio cha akiba kilichojaa, au betri ya pili inayobadilishwa. Tena ajue kwamba betri hizi za lithiamu haziruhusiwi kuchajiwa katika baridi ya kugandisha maji, kwa maana huharibika ndani bila kuonyesha dalili. Ipo pia tochi inayopokea betri ya kuchaji na vilevile betri tatu za dukani. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo inayoifaa jamaa yetu ya kawaida, kwani betri za AAA na AA huuzwa hata katika maduka ya miji midogo.

Baridi ni adui wa betri. Betri za alkalini, ambazo ndizo nyingi madukani, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake hewa inapokaribia kuganda, na usiku katika kibanda cha Elena maji huganda kabisa. Zile za lithiamu za kutumia mara moja huistahimili baridi kwa kiasi kikubwa, nazo ni nyepesi, ingawa bei yake ni kubwa. Soma kwanza karatasi ya maelezo, maana si kila tochi inazikubali. Asiyeziweza afanye jambo rahisi: usiku alale na betri zake ndani ya blanketi, na wakati wa kutembea aziweke katika mfuko ulio karibu na mwili. Mara nyingi betri iliyoonekana imekufa kwa baridi hupata nguvu tena ikipashwa joto la mwili.

Kadhalika, usichanganye betri mpya na za zamani, wala za aina mbili tofauti. Ile dhaifu huzichosha zenzake, kisha huvuja na kula chuma cha ndani ya tochi.

Mvua na ukungu

Rwenzori ni milima ya mvua. Mtu hutembea katika matope yanayofika magotini, na tochi isiyoweza kustahimili maji haitamaliza hata siku ya pili. Tazama alama zinazoanza na herufi IPX. IPX4 ni kwamba tochi haidhuriki kwa maji yanayoirukia kutoka pande zote. IPX7 ni kwamba inaweza kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa muda wa nusu saa isiharibike. Kwa matembezi ya kawaida IPX4 inatosha, lakini kwa Rwenzori, au kwa mtu anayevuka mito, ile ya pili ni bora.

Ukungu nao una tabia yake. Ukiwa na tochi kali kichwani ndani ya ukungu, mwanga hugonga matone ya maji ukakurudia machoni, na mbele yako ukaona ukuta mweupe tu. Dawa yake si kuongeza mwanga. Punguza mwanga, vua tochi, uishike chini kwenye usawa wa kiuno. Jambo hilo husaidia hata usiku usio na ukungu, kwa sababu mwanga unaotoka karibu na macho huficha vivuli, na shimo huonekana kama ardhi tambarare. Shimo lililomtegua mguu binti yetu lilikuwa la namna hiyo.

Mwanga mwekundu

Askari wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba jicho huhitaji muda wa nusu saa hivi ili lilizoee giza sawasawa, na kwamba mwanga mweupe wa nukta moja hulirudisha mwanzo. Chembe za jicho zinazoona gizani haziguswi sana na rangi nyekundu. Ndiyo sababu tochi nyingi nzuri zina kitaa kidogo chekundu. Ukikitumia kambini hutapoteza macho yako ya usiku, hutawaamsha waliolala, wala hutavuta wadudu wengi kama mwanga mweupe unavyovuta. Jambo moja la kuangalia: juu ya ramani, mistari iliyochapwa kwa rangi nyekundu huonekana kama imefutika. Isome ramani kwanza kwa mwanga mweupe hafifu, ndipo uwashe mwekundu.

Mkanda, swichi na kufuli

Usinunue tochi usiyoijaribu kichwani. Ifunge, inama, tikisa kichwa. Ikiwa inashuka machoni au inakubana paji la uso, mwache muuzaji abaki nayo. Tochi yenye uzito wa gramu 80 au 90 pamoja na betri zake huvaliwa usiku kucha bila kuumiza shingo. Zile nzito ziwe na mkanda wa pili unaopita juu ya utosi. Hakikisha pia kwamba taa inaweza kuinamishwa, ili umulike miguu yako badala ya uso wa mwenzako.

Kisha ijaribu swichi ukiwa umefumba macho, na kama unakwenda kwenye baridi, uijaribu ukiwa umevaa glavu. Swichi inayotaka kubonyezwa mara tano ndipo upate mwanga mdogo itakuudhi usiku wa kwanza. Ya mwisho ni kufuli. Tochi nyingi hujiwasha zenyewe ndani ya mzigo, ukafika kambini ukakuta betri tupu. Kama yako haina kufuli, geuza betri moja kinyume wakati wa kusafiri mchana.

Kila mtu na yake

Kosa letu kubwa kule Elgon lilikuwa la kumtoa binti bila tochi, wala hatuwezi kumlaumu aliyetengeneza ile tochi kali. Methali yasema, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Kila anayetembea usiku, hata mtoto, awe na mwanga wake mwenyewe, na katika kundi ni vema tochi zote ziwe za betri za aina moja, ili akiba ya mmoja imfae mwingine. Ikiwa fedha ni kidogo, nunua tochi tatu za wastani badala ya moja ya fahari.

Wafundishe wote pia ishara ya hatari ya milimani: mimweko sita ya tochi katika dakika moja, kisha dakika moja ya kunyamaza, halafu mimweko sita tena. Anayeijibu hutoa mitatu kwa dakika. Ishara hiyo haihitaji lugha wala simu.

Tena, pasiwe na mtu wa kuingiza kibatari, mshumaa au jiko la mkaa ndani ya hema kwa sababu ya kukosa tochi. Hema huungua kwa sekunde chache, na hewa ya sumu itokayo katika mkaa haina harufu, huua watu wakiwa usingizini.

Itakaporudi nyumbani

Tochi ya kichwani haimalizi kazi yake mlimani. Umeme ukikatika, mama ataivaa akimwogesha mtoto au akigeuza chungu, mikono yake yote miwili ikiwa huru. Mkunga ataishukuru. Mwanafunzi atasoma kwa mwanga wake pasipo moshi wa mafuta ya taa. Kabla ya kuihifadhi, toa betri, futa matope, kausha mkanda kivulini. Na kama nyumbani zipo tochi ndogo zinazotumia betri za duara, bapa kama kitufe, ziwekwe mbali kabisa na watoto. Betri hizo zikimezwa huweza kuunguza koo la chakula katika muda wa saa mbili tu. Mtoto akimeza, mpelekeni hospitali mara moja, msisubiri kesho.

Binti yule sasa amekwisha kununua tochi yake mwenyewe kwa fedha alizodunduliza. Ni ya lumeni 200, ina kitaa chekundu, na juu ya mkanda ameandika jina lake kwa wino. Mwezi uliopita alikuja kunionyesha. Nikamwuliza kwa nini hakuchukua iliyo kali zaidi. Akanijibu, "Baba mkubwa, niliiwasha nyumbani saa kumi na mbili jioni nikaiacha kwenye mwanga wa kati. Nilipokwenda kulala saa tano ilikuwa bado inaniwezesha kusoma." Nami nawaomba wasomaji wafanye jaribio hilohilo, sebuleni kwao, usiku mmoja kabla ya safari.